Gari la Serikali Limekwama Wapi?

Msikilizaji, mkazi wa Nyantakara, wilayani Biharamulo, anapoambiwa kwamba bwana mifugo hakufika kwa sababu gari ni bovu, yeye hulaumu wilaya. Pengine ana haki. Lakini habari ya gari hilo ni ndefu, na leo nataka tuifuate.

Bunge lilipitisha Sheria ya Wakala za Serikali mwaka 1997. Shabaha ilikuwa kazi za kutoa huduma zitoke mikononi mwa wizara, zipewe vyombo vinavyojiendesha kwa kutoza ada. Ndipo ukazaliwa Wakala wa Majengo, TBA, mwaka 2002, wa kujenga na kutunza majengo na nyumba za Serikali. Mwaka 2005 ukaja Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, wenye karakana za magari mikoani na pia vivuko. Mwaka 2007 Bohari Kuu ya Serikali ikageuzwa Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, GPSA: huyu ndiye mnunuzi wa magari kwa pamoja, muuza mafuta kwa ofisi za umma, na mtafutaji wa wazabuni wa vifaa vya kila siku, kuanzia karatasi hadi matairi.

Kwa hiyo gari moja lina walezi wawili. GPSA hulinunua na kulijaza mafuta, TEMESA hulitengeneza. Kanuni za ununuzi za mwaka 2013 zilitaka gari la umma lipelekwe TEMESA, au gereji ambayo TEMESA imeiidhinisha. Sababu yake haikuwa mbaya. Kila ofisi ikijichagulia fundi, ankara za uongo hazitakosekana!

Tatizo ni fedha, msikilizaji. Ofisi ikichelewa kupata mgao wake kutoka Hazina, hailipi karakana. Karakana isipolipwa haina cha kununulia vipuri. Gari linalala. Ofisi inalalamika kwamba TEMESA ni ghali na wazito. TEMESA nao wanalalamika kwamba wanadai. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili ni Serikali ileile. Kwa upande wa GPSA, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu amewahi kueleza katika taarifa zake kwamba taasisi zimelipia magari na kuyasubiri muda mrefu.

Kwa Biharamulo kuna na umbali. Karakana ya mkoa wa Kagera iko Bukoba, safari ya zaidi ya kilometa 150, na gari bovu huenda huko kwa kuvutwa au kwa kubahatisha. Mimi naona sheria ilipangwa na watu waliokuwa wakitazama Dar es Salaam, ambako karakana haiko mbali na ofisi.

Diwani akisimama kwenye baraza kuuliza gari liko wapi, asiridhike na jibu kwamba liko matengenezo. Aulize lilipelekwa tarehe gani, ankara ni kiasi gani, na imelipwa au bado.