Wasiwasi Ukipita Kiasi

Shangazi yangu akitaka kutoka nyumbani hufunga mtungi wa gesi, akaugusa, akafika mlangoni, kisha akarudi kuugusa tena. Kufuli huivuta mara nne. Mwaka jana alianza kuipiga picha kwa simu, ili akiwa njiani ahakikishe kuwa ameifunga. Sasa ndani ya daladala huifungua picha ile, akaitazama, akajiuliza kama ni ya leo au ya jana.

Majirani humsifu. Wasiwasi ndio akili, husema, na kweli dereva anayekagua breki kabla ya kushuka mlima Kitonga ana akili. Ila dereva huyo akishakagua hupanda gari, akaondoka. Shangazi haondoki. Harusi ya mdogo wangu ilifanyika Tanga bila yeye kwa kuwa aliihofia barabara. Sare yake ilikuwa imeshashonwa. Ipo kabatini hadi leo.

Neno wasiwasi tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni mnong'ono. Sura ya 114 ya Kurani, ya mwisho, ni dua ya kujikinga na mnong'onezaji. Wanazuoni wa fiqhi waliwajua tangu zamani watu wanaorudia udhu hadi sala inawapita, wakaweka kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka: ukishatawadha, umetawadha, nenda kasali. Kwangu mimi hiyo ni tiba, na wataalamu wa saikolojia wa leo hawako mbali nayo. Wanaeleza kuwa kila mara mtu anaporudi kukagua, moyo hutulia kidogo, na utulivu huo ndio unaomzoeza kurudi tena. Nyumba isipoungua, yeye huamini imeokolewa na kukagua kwake. Hapati nafasi ya kuona kwamba isingeungua hata hivyo.

Na sisi jamaa tunachangia. Shangazi hupiga simu kuuliza kama watoto wamefika shule. Tunamjibu. Baada ya dakika kumi anauliza tena, tunamjibu tena, kwa upendo kabisa. Nimefanya hivyo miaka mingi nikidhani nampunguzia mzigo, kumbe namzoeza kutotulia mpaka asikie sauti ya mtu mwingine.

Kuna wasiwasi ambao ni ugonjwa, si tabia. Madaktari huutambua pale mtu anapokuwa na hofu asiyoweza kuizuia siku nyingi kuliko siku za nafuu, kwa miezi 6 au zaidi, huku usingizi ukikatika, misuli ikikaza na uchovu usimwishe. Shangazi alinunua dawa za maumivu ya shingo miaka miwili kabla ya yeyote kumuuliza analala vipi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya aina hii. Yanatibika, kwa ushauri nasaha na kwa dawa, lakini anayepata tiba ni kama mmoja kati ya wanne.

Kama nyumbani kwako yupo mtu wa namna hii, usimcheke wala usimkemee. Akiuliza, mjibu mara moja tu, kwa upole, halafu fuatana naye hadi kliniki ya afya ya akili. Mimi na shangazi tunakwenda kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi.