Somo la Siasa na Somo la Uraia: Itikadi Shuleni na Afya ya Demokrasia

1. Utangulizi

Kila utawala hutaka kuwa na neno lake katika malezi ya watoto. Hilo si jambo la ajabu, wala si lazima liwe baya. Mzazi naye hutaka, na dini hutaka pia. Lakini demokrasia huria, yaani utaratibu ambamo viongozi huwekwa na huondolewa kwa kura, sheria huwabana wakubwa na wadogo, na haki za walio wachache hulindwa, hukutana hapa na tatizo la pekee. Inawahitaji raia wanaoijua na kuipenda. Lakini ikiwalazimisha kuipenda, imekwisha kujikana yenyewe.

Makala hii inakusudia kulichunguza tatizo hilo kwa mifano mitatu: Zaire ya Mobutu, Tanzania ya Nyerere, na Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili. Hoja yetu ni kwamba kinachoidhuru demokrasia si itikadi kuingia darasani. Kinachoidhuru ni itikadi moja kuingia na kufunga mlango nyuma yake.

2. Maneno yenyewe

Tuanze na lugha. Neno siasa, tulilolipata kutoka Kiarabu, halikuwa na maana ya mambo ya utawala tu. Katika Kiswahili cha zamani, kumwendea mtu kwa siasa ni kumwendea kwa upole na uangalifu, bila kutumia nguvu. Neno raia nalo, katika asili yake ya Kiarabu, lilimtaja mtu aliye chini ya mtawala kama kondoo alivyo chini ya mchungaji. Huku kwetu Kongo, katika mazungumzo ya kila siku, raia bado ni yule asiye askari, asiyeshika bunduki.

Maneno haya mawili yamesafiri njia zilizopishana. Siasa imepoteza upole wake na kukaribia ugomvi. Raia amepanda kutoka mtawaliwa hadi mwenye haki na mamlaka, angalau katika maandishi ya sheria. Kwa hiyo tunaposema kwamba shule fulani inafundisha siasa, au inafundisha uraia, bado hatujasema jambo la maana mpaka tueleze ni siasa ipi na raia wa namna gani.

3. Zaire: chama kilipokuwa shule

Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, na mwaka 1967 akaunda chama chake, MPR. Vyuo vikuu vilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza pa kuonja maana ya chama kimoja. Umoja wa wanafunzi wa Kongo, UGEC, uliokuwapo tangu mwaka 1961, ulipigwa marufuku mwaka 1968, na nafasi yake ikachukuliwa na JMPR, tawi la vijana la chama. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana mjini Kinshasa. Askari waliwafyatulia risasi, na wengi walipoteza maisha. Miaka miwili baadaye, wanafunzi walipotaka kuwakumbuka wenzao, chuo kilifungwa na wao wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Mwezi Agosti 1971 vyuo vikuu vitatu, cha Kinshasa, cha Lubumbashi na cha Kisangani, viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, kilichoongozwa kutoka Kinshasa. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1981.

Mwaka 1974 ulikuwa kilele. Katiba iliyorekebishwa mwezi Agosti iliifanya MPR kuwa taasisi ya pekee ya nchi, na Umobutu kuwa fundisho lake. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikatangazwa kwamba shule za makanisa zinataifishwa. Somo la dini liliondolewa, na mahali pake pakawekwa elimu ya uraia na siasa ambayo kiini chake kilikuwa fundisho la chama. Hata hivyo serikali haikuweza kuzibeba shule hizo. Mwaka 1977 iliingia mapatano na makanisa ili wazisimamie tena.

Msomaji atambue jambo moja: jina la somo lile lilikuwa na neno uraia ndani yake. Jina halikumwokoa mwanafunzi. Aliyejibu kama alivyofundishwa alipata alama zake; aliyeuliza kwa nini kuwe na chama kimoja, swali lake halikuwa na mahali pa kukaa.

Matokeo yake yalionekana mlango ulipofunguliwa. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Majuma machache baadaye, katika chuo kikuu cha Lubumbashi, wanafunzi waliwapiga wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa serikali. Kisha usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei mabweni yakavamiwa na wanafunzi wakauawa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Lawama ya mauaji iko juu ya walioua na waliowatuma. Lakini tusipite haraka juu ya yale yaliyotangulia. Chuo ambamo mwanafunzi hajui kama jirani yake wa kitanda ni rafiki au ni sikio la dola, hicho hakiwezi kuwa uwanja wa mjadala. Utawala wa chama kimoja haukuwanyima vijana vyama vingine tu. Uliwanyima pia mazoea ya kutofautiana bila kuogopana.

4. Tanzania: itikadi iliyokuwa na swali ndani yake

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu itikadi yenyewe ilikuwa na heshima. Mwezi Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangaza ujamaa na kujitegemea, na mwezi Machi Mwalimu Nyerere akatoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Humo alidai wazi kwamba shule imjenge kijana mwenye akili ya kudadisi, anayeweza kujifunza kwa wengine na kukataa yasiyomfaa. Si watawala wengi wa wakati ule waliothubutu kuandika hivyo.

Hata hivyo, chama kilikuwa kimoja, na somo la siasa likawa zaidi somo la kueleza msimamo wa chama. Mwaka 1970 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche lilipigwa marufuku pamoja na umoja wa wanafunzi uliolitoa. Vijana hao hawakuwa maadui wa ujamaa. Walikuwa wajamaa waliotaka ujamaa mkali zaidi. Hapa ndipo fundisho lilipo. Mwenye ukiritimba wa ukweli hamwogopi mpinzani peke yake. Humwogopa pia mwenzake anayeamini kwa akili yake mwenyewe. UGEC nayo, kabla ya kupigwa marufuku, ilikuwa imeyaunga mkono madai mengi ya uzalendo ambayo Mobutu aliyatangaza.

Tanzania iliporuhusu vyama vingi mwaka 1992, somo la siasa liliacha nafasi kwa somo la uraia. Badiliko hilo lilikuwa la lazima, lakini mfano wa Zaire umetuonya tusitosheke na jina.

5. Ujerumani: masharti matatu

Je, inawezekana kufundisha demokrasia bila kuigeuza kuwa katekisimu? Ujerumani ilikuwa na sababu ya kulitafakari swali hilo. Chini ya Hitler shule zake zilikuwa zimewaandaa vijana kutii na kuchukia. Katika miaka ya 1970, huko Ujerumani ya Magharibi, vyama viligombana vikali juu ya nini kifundishwe katika somo la siasa. Mwaka 1976 wataalamu wa pande zilizopingana walikutana Beutelsbach, mji mdogo katika jimbo la Baden-Württemberg, na mazungumzo yao yakazaa masharti matatu yanayofuatwa mpaka leo.

La kwanza: mwalimu asimzidi nguvu mwanafunzi kwa kumtwika maoni yake na kumzuia asifikie uamuzi wake mwenyewe. La pili: jambo linalobishaniwa katika jamii na katika elimu lifundishwe kama jambo linalobishaniwa. La tatu: mwanafunzi awezeshwe kuichambua hali ya siasa na nafasi yake ndani yake, na kutafuta njia za kuigeuza.

Masharti haya hayamtaki mwalimu awe bubu, wala hayasemi kwamba maoni yote ni sawa. Kama watu wana haki ya kuishi si jambo la kujadiliwa kwa pande mbili. Lakini namna ya kugawa mali ya nchi, mamlaka ya majimbo, lugha ya kufundishia, hayo ni mambo ambayo watu waaminifu hutofautiana, na mwanafunzi ana haki ya kuzisikia hoja zao zote zikielezwa kwa nguvu ileile.

6. Hitimisho: kwetu sisi

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 7 kwamba hakuna ruhusa ya kuunda chama cha pekee, na kwamba kufanya hivyo ni kosa la uhaini mkuu lisilofutwa na muda. Kifungu cha 45 kinaiwajibisha dola kuifundisha Katiba yenyewe pamoja na haki za binadamu, na kifungu cha 142 kinaitaka serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa katika muda wa siku sitini. Kwa hiyo wajibu wa wataalamu wa Kiswahili ni mkubwa: raia hawezi kuilinda sheria asiyoisoma kwa lugha anayoifikiria.

Lakini kutafsiri hakutoshi. Mwanafunzi anayenunua silabi ya mwalimu na kuirudisha neno kwa neno siku ya mtihani anajifunza utii, hata kama silabi hiyo inahusu uhuru. Sheria imekwisha kukataza chama cha pekee; haiwezi kukataza jibu la pekee. Hilo liko mikononi mwetu sisi tunaosahihisha karatasi. Basi kipimo chetu na kiwe hiki: je, mwanafunzi aliyempinga mwalimu wake kwa hoja nzuri atapata alama zake kamili? Mahali ambapo jibu ni ndiyo, demokrasia inapumua, hata kama somo halina jina la uraia.