Dhamana ya Viongozi wa Dini (3): Nadhiri Tatu za Imamu Ghazali

Makala iliyopita iliishia kwenye ile hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, ya watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama: aliyekufa vitani, aliyesoma na kufundisha, na tajiri aliyetoa mali. Wote walitenda mema yaliyoonekana, na wote wakaburutwa motoni, kwa kuwa kila mmoja alitaka asifiwe, na sifa akazipata hapa hapa duniani. Huyo wa pili, mwalimu, ndiye anayenisumbua. Angejuaje mapema? Alifundisha yaliyo sahihi, wanafunzi wakanufaika, na hakuna aliyehudhuria darsa zake akaona kasoro. Leo namleta mtu aliyejiuliza swali hilo akiwa hai, tena akiwa kileleni.

Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa mwaka 1058 mjini Tus, katika Khurasan, kaskazini mashariki mwa Iran ya leo. Alisoma Nishapur kwa al-Juwayni, na mwalimu wake alipofariki mwaka 1085 akaingia katika kundi la wanazuoni waliomzunguka Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa masultani wa Kiseljuki. Waziri huyo alijenga madrasa katika miji mikubwa ya dola, zikaitwa Nidhamia kwa jina lake. Ile ya Baghdad ilifunguliwa mwaka 1067, na mwaka 1091 akamkabidhi Ghazali kiti chake. Alikuwa na umri wa miaka 33 hivi. Mwenyewe anasema alikuwa akifundisha wanafunzi 300. Mwanahistoria Ibn al-Jawzi amehifadhi simulizi kwamba siku alipoingia mjini, watu walikisia mavazi na kipando chake kuwa na thamani ya dinari 500.

Tuitazame nafasi yenyewe. Mwalimu anaishi kwa wakfu uliowekwa na waziri. Anahudhuria kwa halifa. Halifa al-Mustadhhir anamwagiza aandike kitabu cha kuwajibu Wabatini, yaani Waismaili, naye anaandika. Sidai kwamba alichoandika kilikuwa uongo, na hapo ndipo penye ugumu. Mtu aweza kusema kweli tupu mwaka hadi mwaka, kumbe anayemlenga kwa kweli hiyo ni yule anayemlipa na wale wanaomsikiliza.

Habari ya anguko lake tunaipata katika al-Munqidh min al-Dhalal, kitabu alichokiandika miaka mingi baadaye. Anasema alizikagua kazi zake, akaona iliyo bora kuliko zote ni kufundisha. Alipoichunguza zaidi, akakuta elimu anazofundisha hazina uzito mkubwa katika safari ya akhera. Kisha akaigeukia nia yake, akaikuta haikuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali kutafuta cheo na kuenea kwa jina. Kulijua hilo hakukumtoa kitini. Kuanzia Rajabu ya mwaka 488 wa Hijria, yaani Julai 1095, alikaa karibu miezi sita akivutwa huku na huku: leo anaazimia kuondoka, kesho anaghairi. Hatimaye ulimi ukagoma. Siku moja alijilazimisha atoe darsa ili kuwaridhisha wanafunzi, neno halikutoka. Chakula nacho kikawa hakipiti kooni. Matabibu wakasema maradhi yameanzia moyoni, dawa zao haziwezi kufika huko.

Akagawa mali yake, akibakiza ya kuwatosha watoto. Ndugu yake Ahmad akashika nafasi yake ya kufundisha. Alitangaza kwamba anakwenda Makka huku akijua safari ni ya Sham, kwa kuhofia halifa na marafiki wangemzuia. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, nami sina la kumtetea zaidi ya kusema kwamba ni yeye mwenyewe aliyetuambia.

Wanahistoria wengine wanaona kulikuwa na sababu nyingine. Nizam al-Mulk aliuawa kwa kisu mwaka 1092, na lawama zikawaangukia Wabatini; Sultani Malik-Shah akafa mwaka huo huo, na jamaa wa Kiseljuki wakaanza kupigania ufalme. Mtu aliyeinuliwa na watu hao, tena akaandika dhidi ya Wabatini, alikuwa na haki ya kuogopa. Huenda hofu ilikuwepo. Lakini aliyekimbia kisu tu asingekuwa na haja ya kuikimbia na mali pia.

Kwangu mimi, sehemu nzito kuliko zote katika simulizi hii ni namna maulamaa wa Iraq walivyopokea habari. Hakuna hata mmoja, anasema Ghazali, aliyeweza kudhani kwamba kuondoka kwake kuna sababu ya kidini, kwa maana waliamini kiti kile ndicho daraja ya juu kabisa katika dini. Walio mbali walikisia kuwa serikali imemchoka. Walio karibu na watawala, wakiona wakubwa wanavyombembeleza abaki, wakasema ni kijicho kimewapata watu wa elimu. Basi hao ndio waliokuwa wakiwafundisha wengine dini! Ibada na cheo vilikuwa vimeshikamana kiasi kwamba kuacha cheo kwa ajili ya ibada kulionekana jambo lisiloelezeka.

Huko Sham, mjini Damascus, alijifungia katika mnara wa Msikiti wa Bani Umayya, mlango akiufunga mchana kutwa. Alizuru Baitul Maqdis, akaenda na al-Khalil, penye kaburi la Nabii Ibrahim. Pale, mwaka 489 wa Hijria, aliweka nadhiri tatu: asipokee mali ya sultani yeyote, asiende kumwamkia sultani yeyote, na asishiriki tena munadhara, yale mabishano ya wanazuoni mbele ya hadhara.

Mtu aliyegundua kuwa ugonjwa wake uko moyoni tungemtarajia aape kuusafisha moyo. Ghazali, aliyeujua moyo kuliko wengi, hakuuamini kwa kiapo. Alifunga milango ya nje ambayo maradhi yalipitia: mshahara, baraza la mkubwa, na makofi ya watu. Wahubiri wetu wengi husema ikhlasi ni siri ya mja na Mola wake, halafu wakaishia hapo, na neno hilo likawa kificho kizuri, maana siri haina mkaguzi.

Nadhiri hizo zote zinapata maelezo marefu katika Ihya Ulum al-Din, kitabu kikubwa alichokitunga katika miaka hiyo. Katika sehemu yake ya halali na haramu anasema sehemu kubwa ya mali za masultani wa zama zake ni haramu, na kwamba katika hali za mwanachuoni na mtawala, iliyo salama ni kutoonana kabisa. Kuhusu munadhara, anataja maovu yanayozaliwa humo: husuda, kiburi, kusengenya, kupekua aibu za wenzako, kufurahia fedheha ya mpinzani, kuikataa haki kwa kuwa imetoka kinywani mwake. Anayeitafuta haki kwa kweli, anasema, ni kama aliyepotelewa na mnyama wake: hajali kama atamwona yeye au ataonwa na mwenzake. Waandaaji wa mihadhara ya wazi katika miji yetu, ambayo siku hizi hurekodiwa na kusambazwa kwa kichwa cha habari kinachotaja nani kamnyamazisha nani, wangefaa kuisoma sehemu hiyo.

Kuna pahali pengine, katika sehemu ya elimu ya Ihya hiyo hiyo, ambapo ukali wake unakaribia kuchekesha. Utabibu ni faradhi ya kutosheleza. Mji ukiwa hauna tabibu Mwislamu, wote wana dhambi. Mbona basi miji haina matabibu Waislamu, na fikihi imejaa wanafunzi wanaosema wanatekeleza faradhi? Anajibu mwenyewe: utabibu haukufikishi kwenye usimamizi wa wakfu na wasia, wala kwenye mali ya mayatima, wala kwenye ukadhi.

Katika pwani yetu Ihya si kitabu kigeni. Masharifu wa Kialawi wa Hadhramaut waliopeleka elimu yao hadi Lamu wamekitukuza kizazi baada ya kizazi. Wala mambo yanayosemwa humo si ya Waislamu peke yao. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana Kenya aliwazuia wanasiasa kuhutubia kutoka mimbarini. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kurejesha fedha alizozitoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, zaidi ya shilingi milioni 2 za Kenya. Hao hawakuahidi kuwa na mioyo safi zaidi. Walifunga mlango.

Je, Ghazali mwenyewe alizitimiza nadhiri zake? Si zote, wala si wakati wote. Mwaka 1106, kwa kushinikizwa na waziri Fakhr al-Mulk, mtoto wa Nizam al-Mulk, alirudi kufundisha katika Nidhamia ya Nishapur, madrasa ya dola ile ile. Anajitetea kwamba zamani alifundisha elimu ya kupatia cheo na sasa anafundisha ya kuachia cheo. Mimi naona utetezi huo una kweli ndani yake, ila unamfaa yeyote anayerudi kwenye kiti, na kwa hiyo lazima tuuhoji. Baadaye alilazimika kufika hata mbele ya Sanjar, mtawala wa Kiseljuki wa Khurasan, akamwandikia kumkumbusha nadhiri ya al-Khalil na kuomba aachwe.

Akarejea Tus, akafundisha karibu na nyumba yake. Alipoombwa arudi Baghdad, alikataa kwa barua, na sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa: kule hawezi kukwepa munadhara, hawezi kukwepa kwenda kwa halifa, na hana cha kulia huko isipokuwa posho ya dola, ilhali Tus ana kijishamba kinachomtosha yeye na watoto wake. Alifariki huko Desemba 1111.

Itaendelea.