Njaa ya Mawe Huchelewa

Nilifika Konoin, Bomet, kuuliza habari za mabati na mvua ya mawe. Niliondoka nikiwaza vibuyu.

Vilikuwa vitatu, vimetundikwa jikoni. Mwenyewe, mama mwenye shamba dogo la chai, aliteremsha kimoja na kunipa nikishike. Kilikuwa kizito, cheusi kwa moshi, laini kama ngozi. Akanieleza polepole: hukisugua ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet hadi mkaa ushike kuta, humimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa, kisha huziba. Maziwa hayo ya mgando, mursik, hukaa majuma bila friji. Cha mwisho hakifunguliwi kabla kingine hakijajazwa. Kando ya vibuyu pana debe la wimbi, nafaka isiyohofia wadudu hata miaka ikipita.

"Huu ndio mwavuli wangu, mwanangu."

Kericho jirani iliwahi kuhesabu siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja, rekodi ya dunia. Unyevu wa Ziwa Viktoria hupanda miinuko hii kila mchana na kuganda huko juu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilirushwa kunyunyizia mawingu iodidi ya fedha ili kuokoa majani ya chai. Mwaka 1982, R. C. Schnell na S. N. Tan-Schnell walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba takataka za majani chini ya michai zina chembe zinazogandisha maji kwa urahisi. Je, vumbi linalotimuliwa wakati wa kuchuma ndilo linalopanda na kurudi likiwa mawe? Mama alitazama michai yake, asijibu.

Yeye ana hesabu nyingine. Huchuma alfajiri, kwa kuwa mawe huja mchana. Wingu likianza kunguruma, watoto na ndama huingia ndani kwanza, kikapu baadaye. Lakini hatari anayoiogopa haina kelele.

"Njaa ya mawe huchelewa," alisema. "Leo majani yamechanika. Mwisho wa mwezi pesa zinaingia, za kilo za mwezi uliopita. Watu wanasema tumepona, wananunua. Mwezi unaofuata, hakuna kitu."

Kwa hiyo siku ileile mawe yanapoyeyuka uani, yeye huketi na kugawa malipo ambayo hayajafika: karo, chumvi, mafuta, akiba ya chama. Bonasi haihesabu kamwe. Kisha husubiri wiki kadhaa michai ichipue, akila kutoka kwenye vibuyu.

Nikishuka barabarani nilipita kambi ya wachumaji wa shamba kubwa: vyumba vimepangwa mstari, bila zizi wala ghala. Nao hulipwa kwa kilo. Mawe yakianguka, mchumaji wa pale atatundika wapi kibuyu chake, na atakijaza maziwa ya ng'ombe gani?