Mshahara wa Barua na Mshahara wa Mkono

Kwetu Mombasa mtu akipata kazi huulizwa mambo mawili: kazi gani, na wapata ngapi. Jawabu la swali la pili huwa ni ile tarakimu iliyoandikwa katika barua ya kazi, na tarakimu hiyo ndiyo inayotembea mjini. Hutoka Kibokoni asubuhi ikafika Majengo kabla ya magharibi, tena hufika imenenepa kidogo. Yangu ilikuwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Mjomba aliisoma barua barazani kwa sauti, mbele ya mamangu na majirani wawili waliokuja kutoa pongezi, nayo ilisema pia kwamba kituo changu kitakuwa Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, mbali na bahari kuliko alikopata kwenda mtu yeyote wa nyumba yetu. Huo ulikuwa mwaka 2025, na mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi saba tu.

Kabla sijapanda basi, pesa zile zilikuwa zimekwisha kugawanywa. Mama alizigawa kama agawavyo nyama ya Idi, kila fungu na mwenyewe. Ada ya dada yangu anayesomea uuguzi, 15,000. Matumizi ya nyumbani, 10,000. Mabati ya paa la nyuma linalovuja kila masika, 5,000 kila mwezi hadi yatimie. Zilizobaki, 20,000, zikawa zangu mimi za kodi ya chumba, chakula na nauli. Sidhani kulikuwa na choyo katika mgao huo. Nyumba iliyomsomesha mtoto miaka kumi na sita ina haki ya kungojea mwezi uandame.

Mwezi uliandama Migori. Karani wa mishahara alinipa karatasi nyembamba iliyokunjwa mara mbili, nikaifungua kwenye ngazi. Juu kabisa palikuwa na 50,000 zangu, zimeandikwa vizuri. Chini yake kukapangwa safu. Hazina ya malipo ya uzeeni, 3,000. Bima ya afya ya jamii, 1,375. Ushuru wa nyumba, 750. Kodi ya mapato, 5,845 na senti 85. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, 3,000. Na mwisho, ndani ya kisanduku, pesa za mkononi: 36,029 na senti 15.

Hesabu ile niliirudia mara tatu kwa simu, nikitafuta palipokosewa. Hapakukosewa mahali. Ukitoa mafungu ya nyumbani kwetu, ambayo jumla yake ni 30,000, fungu langu lilibaki 6,029, na kodi ya chumba changu ilikuwa 6,500.

Pengine wako wasomaji ambao vijana wao wataanza kazi mwaka huu, basi nitaifumbua karatasi hiyo kidogo, maana hakuna aliyenifumbulia mimi. Malipo ya uzeeni ni asilimia 6 ya mshahara. Zamani zilikuwa shilingi 200 tu kwa kila mtu, awe mfagizi au meneja, mpaka Februari 2023 ilipoanza kutumika sheria ya mwaka 2013 iliyokuwa imekwama mahakamani. Bima ya afya ni asilimia 2.75, tangu Oktoba 2024 ilipoondoka ile ya zamani tuliyoizoea. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwake. Hayo matatu hutolewa kwanza, na tangu mwishoni mwa Desemba 2024 kodi ya mapato huhesabiwa juu ya kile kinachosalia. Katika kinachosalia, shilingi 24,000 za mwanzo hutozwa asilimia 10, lakini mfanyakazi hupewa nafuu ya 2,400, yaani fungu hilo la kumi husamehewa lote. Kinachouma kiko juu yake: asilimia 25 kwa shilingi 8,333 zifuatazo, kisha 30 kwa zilizobaki, mpaka ufike kwenye mishahara ya wakubwa ambako hupanda tena. Mkopo wa masomo ni deni, nami sina la kuusemea. Nilikula, nalipa.

Jambo gumu lilikuwa simu ya nyumbani. Niliposema 36,000, mama alinyamaza, kisha akauliza polepole, "Mwanangu, huko uliko umeoa?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Kwa fikira zake, elfu kumi na nne hazipotei hivi hivi kati ya Migori na Mombasa, lazima pana mtu amezikalia, na mwana aliye mbali akianza kuficha pesa huwa ana nyumba ya pili. Mjomba alichukua simu akasema kwa ukali kwamba serikali haiwezi kumchukulia kijana elfu kumi na nne mwezi wake wa kwanza. Nikaipiga picha hati ile nikawatumia. Siku mbili sikupata jawabu. Siku ya tatu mama alituma salamu kupitia kwa dada yangu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba makato yale yalikuwa yamekata na kitu kingine kisichoandikwa kwenye safu.

Mama mwenye nyumba yangu pale Migori alistaajabia mshangao wangu kuliko alivyostaajabia makato. Ana shamba la miwa upande wa Awendo, ambako kiwanda cha sukari kimekuwa kikisaga tangu mwaka 1979. Mkulima wa miwa, aliniambia, hangoji miezi ishirini kisha akalipwa uzito wa miwa yake. Hukatwa kwanza gharama ya kulimiwa, mbegu, mbolea, ukataji na usafirishaji, na kinachobaki ndicho mavuno. "Wewe umekatwa tano tu," akasema, "kaa chini unywe chai." Kodi ya mwezi ule alinipokea kwa mafungu mawili. Ofisini nilimkuta mwenzangu aliyechukua mikopo ya chama cha akiba hadi mshahara wake ukafika ukingoni kabisa. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote pamoja kuzidi theluthi mbili za mshahara, naye anaishi juu ya hiyo theluthi moja kama mtu aishiye juu ya mwamba maji yakijaa.

Mwezi wa tatu nilihamishiwa tawi la Homa Bay, ziwani. Mpwani akifika pale hupumua: pana maji, pana upepo, pana mitumbwi na dagaa walioanikwa, ambao wenyewe huwaita omena, na pana watu wanaojua maana ya fungu la chombo na fungu la baharia. Msikitini siku ya Ijumaa nikajuana na mzee mmoja wa Kendu Bay, Mluo Mwislamu, umri wake unapita miaka themanini. Alipojua nimetoka Mombasa alinishika mkono asiuachilie. Baba yake, akanambia, alikuwa mchukuzi wa bandari ya Kilindini, na Januari mwaka 1947 alikuwako pale maelfu ya wafanyakazi wa bandari na reli walipogoma. Nikamwuliza ni nini kilichompeleka mtu wa ziwani kubeba magunia pwani wakati ule. Akajibu neno moja: "Osuru."

Osuru kwa Kiluo ni kodi. Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa neno hilo limetoka wapi. Ni ushuru wetu, nasi tuliupata kwa Waarabu, kwao likiwa na maana ya fungu la kumi. Lilipita forodhani, likapanda bara na misafara na maaskari, likafika ziwani likavuliwa herufi moja na kuvishwa nyingine. Ajabu yake ni kwamba kutoka ziwani lilirudi tena pwani, ndani ya vifua vya vijana waliokwenda kulitafutia shilingi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliwatoza watu wa Nyanza kodi ya nyumba. Kila kibanda kilihesabiwa, na mwenye wake watatu alilipia vibanda vitatu. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa mwanamume asiyekuwa na kibanda, ili asiwepo wa kuponyoka. Ililipwa kwa sarafu, na kwa mtu aliyekuwa na mtama na ng'ombe tu, sarafu ilipatikana kwa mzungu, katika mashamba, reli na bandari. Mzee alikumbuka baba yake alivyoitunza stakabadhi ya kodi ndani ya kopo la bati, kwa kuwa kukutwa bila hiyo kulikuwa na taabu yake.

Lakini kodi ile ilikuwa na sura. Mtozaji alikuja mchana, pamoja na mtu wa chifu, akasimama mbele ya mlango. Mtu aliiona shilingi yake ikitoka mkononi. Na kwa kuwa waliiona, waliisemea. Tarehe 23 Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, ng'ambo ya ghuba ukitazama kutoka Homa Bay, katika mkutano uliokuja kuitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema, na kodi ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Ikateremshwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Mwaka 1923 chama kilichotokana na vuguvugu lile kilibadilishwa chini ya uongozi wa kasisi W. E. Owen, kikaitwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo. Walipa kodi! Watu wa wakati ule walijitaja kwa jina hilo. Mimi nilitoka chuo kikuu nikijiita mhitimu, nikaambiwa na karatasi kwamba mimi ni mlipa kodi.

Kodi ya sasa haibishi hodi. Inachukuliwa kabla mkono haujanyooshwa, nadhani hiyo ndiyo sababu nyumba nyingi hazina habari nayo mpaka mtoto aajiriwe. Tofauti na zaka ya pesa ni kubwa hapo. Zaka ni robo ya fungu la kumi, nayo hukungoja: mali ifike kiwango chake, ikae mwaka mzima mikononi mwako, ule, uvae, uwalishe wazazi, ndipo uulizwe kilichobaki. Nilipomwambia mzee hivyo aliguna, akasema nimesahau zaka ya mazao, ambayo hutolewa siku ya kuvuna, na ya shamba la mvua ni fungu la kumi kamili. "Hao wamekufanya wewe mtama," akasema. Sikuwa na jibu.

Lililomchekesha zaidi ni ushuru wa nyumba. Baba yake alitozwa kwa nyumba aliyokuwa ameijenga mwenyewe, na mimi natozwa kwa nyumba ambayo haijajengwa, na ikijengwa si lazima niwe mimi wa kuingia. Ushuru huo ulianza katika sheria ya fedha ya mwaka 2023, mahakama kuu ikaukataa Novemba mwaka huohuo, ukarudi kwa sheria yake mpya Machi 2024. Na Juni mwaka 2024, vijana wa umri wangu walipojaa barabarani Nairobi, Mombasa na Kisumu kuupinga mswada wa fedha, wengi wao hawakuwa na hati ya mshahara hata moja. Mswada ukaondolewa. Ushuru wa nyumba, ambao tayari ulikuwa sheria, ukabaki.

Mimi sisemi kodi isilipwe. Barabara niliyopitia haikushuka kutoka mbinguni, na dada yangu anasomea kazi itakayolipwa kwa kodi za wengine. Ninachokilaumu ni kimya. Miaka minne ya chuo hakuna aliyetuwekea hati ya mshahara mezani akatuambia someni hii. Na barua ya kazi ingepoteza nini kuongeza mstari mmoja wenye pesa za mkononi? Mama angeusikia mstari huo barazani siku ileile, angegawa 36,000, na mabati yangengojea masika mengine bila mtu kumdhania mtu.

Nilipokwenda nyumbani kwa Idi nilichukua hati zote, nikazipanga mkekani kwa miezi. Mama hasomi Kiingereza, lakini tarakimu anazisoma kuliko mimi. Alipitisha kidole safu kwa safu, akaniuliza kila moja inakwenda kwa nani, nami nikamwambia. Kwenye ile ya uzeeni alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye ile ya nyumba alisimama, akatazama juu kwenye paa la nyuma, akaendelea. Kisha akaleta daftari lake la matumizi, akafuta 5,000 za mabati, akaandika 2,000, na ada ya dada hakuigusa.

Jirani alipopita akauliza siku hizi kijana apata ngapi. Mama alijibu, "Za barua ama za mkono?"

Jirani hakuelewa, akaitwa ndani aonyeshwe.