Dawa za Saratani Hujaribiwa Wapi Kwanza?

Wengine huuliza: "Sista, mtoto akitibiwa saratani, je, anajaribiwa dawa?" La. Dawa ya kawaida ya hospitali imeshapimwa. Utafiti wowote lazima mzazi aelezwe na akubali kwanza.

Kupima huanzia maabarani, kwenye seli, yaani chembe ndogo za mwili. Mwaka 1964 wataalamu wa London walitangaza kwamba wamekuza chupani seli za saratani ya Burkitt kutoka Uganda. Ugonjwa huu huvimbisha watoto taya au tumbo.

Siku hizi seli hazitandazwi sahanini tu. Hukuzwa pia zikishikamana kama tonge la ugali. Kwa nini? Uvimbe wa kweli ni donge. Dawa inaweza kuua seli za nje, za ndani zikabaki hai. Tonge la maabarani huonyesha hayo kabla mgonjwa hajaguswa.

Mama, mtoto akivimba taya au tumbo, usingoje wala usimchome moto. Burkitt hukua haraka sana, lakini hutibika. Mpeleke kituo cha afya leo.