Mashine ya kufulia ikigoma, usikimbilie dukani

MASHINE ya kufulia inapogoma katikati ya kazi, wenye nyumba na madobi wengi huona njia mbili tu: kumwita fundi na kumsubiri siku kadhaa, au kuisukumia kona na kuanza kuulizia bei ya mpya. Njia ya tatu, ya kuifungua na kuitazama mwenyewe, hukumbukwa mwisho.

Kwa anayefulia familia yake, hasara ni usumbufu. Kwa anayefua kwa malipo, au mwenye nyumba ya wageni anayebadilisha mashuka kila siku, hesabu ni nyingine. Tuchukue mfano wa dobi anayebakiwa na shilingi 15,000 kwa siku baada ya kutoa sabuni, maji na umeme. Fundi akimtoza 30,000 na kukaa na mashine siku nne, ubovu huo umemgharimu 90,000, maana 60,000 zimekwenda na kusubiri. Wengi huandika ile 30,000 kwenye daftari, hizo nyingine hawazioni. Na mteja aliyepeleka nguo banda la jirani si lazima arudi.

Mashine za matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, hupendwa na wafanyabiashara wadogo kwa sababu ni nafuu na umbile lake ni rahisi. Ndani mna mota mbili, mkanda, kapasita, swichi za saa, breki na valvu ya mpira. Mwenye bisibisi na plaizi anaweza kufanya mengi humo, ilimradi achomoe plagi ukutani kwanza. Kuzima kwa swichi ya mashine pekee hakutoshi.

Mashine ikiwa kimya kabisa, anza na soketi. Chomeka pasi au taa uone kama umeme upo. Kisha tazama fyuzi iliyo ndani ya plagi. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya ampea zile zile. Wale wanaofunga kipande cha waya mahali pa fyuzi wanaokoa fedha kidogo sana na kuiweka nyumba nzima kwenye hatari ya moto.

Maji yasipotoka, au yakivuja yenyewe wakati wa kufua, usiifikirie mota. Chunguza kwanza kama mpira wa kutolea maji umejikunja au umeinuliwa juu kupita kiasi, kwa kuwa mashine nyingi za aina hii hazina pampu na maji hutoka kwa kuteremka tu. Baada ya hapo fungua valvu ya mpira chini ya tangi. Nyuzi, mchanga na vifungo vya mashati hujikusanya hapo na kuizuia isifunguke wala kufunga sawasawa. Zikisafishwa kwa maji, mashine hurudi kazini bila kununua chochote. Anayetumia maji ya kisima asafishe pia kichujio kidogo kilicho pale mpira wa kuingizia maji unapofungwa, kama mashine yake inacho. Kikiziba, maji huingia kidogo kidogo na mwenye mashine hudhani bomba halina nguvu.

Ubovu unaotisha zaidi ni ule wa mota kuunguruma bila kuzunguka. Hapo ndipo baadhi ya watu huambiwa mota imekufa, nayo ndiyo spea ghali. Chomoa plagi, kisha zungusha kwa mkono sahani iliyo chini ya tangi la kufulia. Ikikwama, ondoa skruu ya katikati uinyanyue. Mara nyingi sarafu, pini ya nywele au soksi ya mtoto imejibana chini yake. Ikizunguka vizuri, fungua kifuniko cha nyuma utazame mkanda. Ukiwa umelegea au umepasuka, nenda nao dukani upate wa kipimo kile kile.

Mkanda ukiwa mzima, mshukiwa anayefuata ni kapasita, kifaa kidogo kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mota. Mpya lazima ilingane na ya zamani kwa mikrofaradi zilizoandikwa ubavuni, na volti zake zisiwe pungufu. Lakini kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, hivyo asiyejua kuimaliza nguvu asiguse ncha zake. Hapo malipo ya fundi ni halali yake. Ni hivyo hivyo kwa maji yanayovujia kwenye mota, waya zilizoungua na mashine inayopiga shoti ukiigusa.

Kabla ya kulaumu kifaa chochote, angalia umeme wenyewe. Mota iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipata umeme hafifu wa jioni huunguruma na kupata moto bila kuzunguka. Izime mara moja, ujaribu tena umeme ukitulia.

Tangi la kukamulia nalo lina mambo yake. Halizunguki kama mfuniko haujakaa sawa, maana chini yake kuna swichi ya usalama. Likitikisika sana, panga nguo upya kabla ya kufungua chochote.

Kwa dobi, mkanda mmoja na kapasita moja vya akiba ni sehemu ya mtaji, kama ilivyo sabuni. Na anayenunua mashine ya mtumba kutoka Ulaya anakili namba ya modeli iliyo kwenye kibao chake. Tangu Machi 2021, sheria za Umoja wa Ulaya zinawataka watengenezaji wahakikishe spea kadhaa za mashine za kufulia zinapatikana kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya modeli hiyo kuingizwa sokoni. Muuza spea wa Kariakoo hafungwi na sheria hiyo, ila kwa namba hiyo anajua cha kuagiza.